Mchoma Moto Aliyebisha Hodi

Mwanamume aliyechoma mlango wa nyuma wa kliniki yetu ndiye aliyekuwa akimpeleka mama mkwe wangu kanisani kila Jumapili. Nalitaja hili mwanzoni kwa sababu polisi walipolisikia waliacha kuandika, wakanitazama, wakaniuliza upya, nami sipendi kurudia maneno.

Kliniki ilikuwa Scarborough, katika safu ya maduka ya ghorofa moja, mbele uwanja wa magari, nyuma mapipa ya taka. Kushoto kwetu alikuwepo fundi cherehani, Mtamil wa Sri Lanka, aliyerekebisha nguo za harusi. Kulia alikuwepo bwana wa kujaza fomu za kodi ambaye alitokea Machi na Aprili tu, kama kumbikumbi. Bango letu lilikuwa dogo kuliko yote. Lilikuwa na jina la daktari na maneno machache kuhusu afya ya wanawake. Ndani tulipima saratani ya shingo ya kizazi, tulitoa dawa za uzazi wa mpango, tuliwaeleza wanawake wa umri wangu kwa nini wanatoka jasho Januari, na baadhi ya siku daktari alitoa mimba. Mimi nilikaa mapokezi. Niliwauliza watu tarehe zao za kuzaliwa kwa sauti ya chini, nikawaonyesha kiti, nikawaambia daktari anakuja. Wengine walilia, wengine walichezea simu. Mmoja aliniuliza kama maua ya pale kaunta ni ya kweli. Nilimwambia ni ya plastiki, akasema afadhali, maana ya kweli yangemsikitisha.

Mama mkwe wangu alikuja kutoka Morogoro kutusaidia kulea watoto, watoto wakakua, yeye akabaki. Alijua kwamba nafanya kazi kwa daktari wa akina mama. Hilo lilikuwa kweli. Hakuuliza zaidi, nami sikumwongezea. Mume wangu, anayefanya kazi kwenye ghala la mizigo karibu na uwanja wa ndege, alijua kila kitu tangu siku ya kwanza. Alisema, "Kuna bima ya meno?" Nikamwambia ipo. Akasema, "Basi."

Sheria ya Ontario inawataka wanaopinga kliniki kama yetu wasimame umbali wa mita hamsini. Mita hamsini kutoka mlangoni kwetu zilifika kwenye kituo cha basi ng'ambo ya barabara. Pale alisimama mwanamke mmoja mzee mwenye rozari, na wakati mwingine wenzake wawili na bango lenye picha. Jioni mimi na yeye tulipanda basi moja. Siku basi likiwa limejaa, aliondoa mfuko wake kwenye kiti nikakaa. Hatukuzungumza. Huo ndio ulikuwa upinzani tulioujua, na tulikuwa tumeshauzoea.

Yule bwana aliyechoma mlango hakuwa mmoja wao. Alikuwa Mkenya wa makamo, fundi wa mitambo ya kupasha joto nyumba, kazi ambayo mjini Toronto humfanya mtu apendwe kuanzia Oktoba mpaka Aprili. Kanisa letu la Kiswahili lilikodi ukumbi Etobicoke, upande wa pili kabisa wa jiji, na wazee wetu wengi walikaa Scarborough. Kwa hiyo kila Jumapili alizunguka na gari lake la kazi, akawakusanya akina mama wazee mmoja mmoja, akawafunga mikanda, akawavusha jiji zima huku mabomba na vifaa vikigongana nyuma. Mama mkwe alimwita "mwanangu" baada ya safari ya pili. Mimi ilinichukua miaka kuitwa hivyo.

Alikuwa mpole. Aliimba sauti ya nne, na alipokosea alijikohoza ili watu wadhani ni mafua. Mkewe alikuwa amefariki, na alikuwa na binti mmoja aliyesoma chuo pale pale mjini.

Alijua ninapofanya kazi kwa bahati tu. Siku moja mama mkwe alijifungia nje ya nyumba akiwa na ndala. Badala ya kunipigia mimi, alimpigia yeye. Akaja, akamleta mpaka kliniki kuchukua funguo. Mama mkwe hasomi Kiingereza. Aliona mlango, akaniona mimi, akachukua funguo, akalalamika kuhusu baridi. Yule bwana alibaki nyuma kidogo. Alisoma bango letu. Kisha akageuka akamtazama mwanamke wa rozari ng'ambo ya barabara, na lile bango lenye picha, halafu akalisoma letu tena.

"Kumbe ni hapa, dada," alisema.

"Ni hapa, kaka."

"Sawa."

Wakaondoka. Nilidhani yameisha.

Miezi kadhaa baadaye, Jumapili moja baada ya ibada, nilikuwa nimeshika kikombe cha chai na sahani ya maandazi aliponijia na kuniomba tusogee pembeni.

"Dada, nina swali dogo."

"Uliza tu, kaka."

"Binti yangu. Amewahi kufika pale kwenu?"

"Kaka, habari za wanaofika pale huwa siziongelei."

"Sikuulizi alifanya nini. Nakuuliza kama alifika."

"Hata hilo siliongelei."

"Basi alifika."

"Sijasema hivyo."

"Kama hakufika, ungesema hapana."

"Hata kama hakufika nisingesema. Ukiniuliza kama mke wa mchungaji amefika pale, nitakujibu hivi hivi."

Akageuka, akamtazama mke wa mchungaji aliyekuwa akimimina chai. Akamtazama kwa muda. Nikajua nimetoa mfano mbaya.

Watu wengi wameniambia tangu siku ile kwamba ningemjibu hapana, mambo yakaisha. Hawaelewi hesabu yake. Ukisema hapana kwa wasiofika, basi siku utakayokaa kimya, kimya chako kitakuwa ndiyo. Lazima uwe kimya kwa wote: waliofika, wasiofika, na mke wa mchungaji. Hapa pia sitasema kama binti yule alifika au hakufika, kwa hiyo msomaji asisubiri.

Alhamisi moja ya Februari basi lilikwenda kasi kuliko kawaida, nikafika kazini mapema. Theluji ilikuwa imerundikwa kandokando ya uwanja wa magari na hakuna duka lililokuwa wazi. Niliingia kwa mlango wa mbele, nikaufunga nyuma yangu, nikavua buti, nikavaa malapa ninayovaa ndani, nikaenda jikoni kuchemsha maji. Jiko letu lilikuwa chumba kidogo kilichopakana na mlango wa nyuma. Taa ya mbele sikuiwasha, kwa sababu ukiiwasha watu hudhani mmefungua.

Birika lilipoanza kuvuma, nilisikia mtu akigonga mlango wa nyuma. Hakugonga kwa nguvu. Kulikuwa na sauti pia, lakini birika liliimeza. Kanuni ya kliniki ilikuwa wazi: mlango wa nyuma haujibiwi. Mwenye shida apige simu au aje mbele saa za kazi. Nikakaa kimya na mfuko wangu wa majani ya chai mkononi. Pakatulia. Nikadhani ni mtu wa vifurushi.

Kisha nikasikia harufu ya petroli. Nililelewa karibu na kituo cha mafuta, harufu ile naijua, na kwa sekunde kadhaa ilinikumbusha nyumbani. Halafu kitu nje kikafanya *fuu*, kama mtu anayekung'uta shuka, na moshi mweusi ukaanza kuingia chini ya mlango.

Mlango ulikuwa wa chuma, lakini fremu yake ilikuwa ya mbao, na nje kulikuwa na maboksi matupu ya kliniki yanayosubiri gari la taka. Yote yaliwaka. Kengele ilianza kulia. Nilizima birika. Sijui kwa nini nilizima birika. Nilijaribu kwenda mbele lakini moshi ulikuwa umeshatangulia kwenye korido, nikainama, nikatembea nikiwa nimeshika ukuta, nikameza moshi mwingi kuliko nilivyodhani mtu anaweza kuumeza. Mlango wa mbele niliufungua kwa shida kwa sababu nilikuwa nimeufunga vizuri.

Nikatoka kwenye theluji na malapa. Fundi cherehani alikuwa ndiyo anaegesha gari. Alinivua malapa, akanivisha soksi zake za akiba, akanifunika kwa gauni la harusi lililokuwa kiti cha nyuma, jekundu, lenye shanga. Zimamoto walipofika, mmoja alinipongeza kwa harusi.

Hospitali waliniambia mapafu yatapona. Sauti ilipotea wiki nyingi. Nyumbani nilikuwa naongea kwa kuandika na kwa macho, na mume wangu alisema kwa macho nagomba vizuri zaidi.

Polisi mpelelezi, akiwa na mwenzake, aliniita kutazama video ya kamera ya nyuma. Haikuwa na sauti. Anaonekana mtu mwenye koti zito, kofia imevutwa chini, skafu imefunika uso mpaka machoni. Anakuja na dumu. Anaweka dumu chini. Anafika mlangoni. Halafu anashusha skafu mpaka kidevuni, anagonga, midomo inasogea, anapiga hatua moja pembeni na kuugeuzia mlango mgongo. Anakaa hivyo kidogo. Kisha anapandisha skafu na kuchukua dumu.

"Hiki ndicho hatukielewi," mpelelezi alisema. "Kwa nini alijifunua uso?"

Nilikuwa nimeshamtambua. Koo langu lilikuwa bado bovu, nikanong'ona, "Anabisha hodi."

"Anafanya nini?"

"Anasema hodi. Huwezi kubisha hodi ukiwa umefunika uso. Si adabu."

Akaandika. Nilimtajia herufi.

"Ni onyo? Tishio?"

"Hapana. Ni kuomba ruhusa ya kuingia."

"Alitaka kuingia?"

"Hapana. Alitaka kujua kama kuna mtu."

"Na kwa nini akageuka?"

"Ili mwenye nyumba akifungua, asionekane anachungulia ndani."

Mpelelezi aliirudisha video nyuma, akaitazama tena akiwa na uso wa mtu anayesoma maelekezo ya dawa. Kisha akaniuliza kama namjua. Nikasema namjua, ni ndugu wa kanisani, ndiye anayempeleka mama mkwe wangu kanisani kila Jumapili. Hapo ndipo walipoacha kuandika.

Walimkamata mchana ule ule, akiwa kwenye chumba cha chini cha nyumba ya mtu, anatengeneza mtambo. Aliomba amalizie kwanza kwa sababu nyumba ilikuwa na mtoto mchanga. Walimruhusu afunge boliti mbili.

Jioni televisheni ilionyesha mlango wetu mweusi, na kijana wangu mkubwa akamfasiria bibi yake kila neno, pamoja na maneno ambayo ningependa ayaruke. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho. Akazima televisheni. Akaja kukaa kitandani kwangu.

"Kwa hiyo ndiyo kazi mnayofanya."

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Kazi hiyo siipendi."

Nikatikisa tena.

"Lakini mtu hachomi mlango wakati ndani kuna mtu."

Nikachukua karatasi nikaandika: *Na kama hakuna mtu?* Kiswahili anakisoma vizuri. Akaisoma mara mbili.

"Hata hivyo," akasema. "Ni mlango wa mtu."

Tangu siku ile aliniombea kila asubuhi kwa sauti, kirefu, nikiwa nimesimama na koti tayari, akimsihi Mungu anitoe kwenye kazi ile. Akimaliza ananikabidhi chakula changu cha mchana cha kwenda nacho kwenye kazi ile.

Kanisani mchungaji alituomba tumkumbuke ndugu yetu aliye katika majaribu. Tulimkumbuka. Mimi niliyekuwa bado nakohoa moshi wake sikutajwa, labda kwa sababu nilikuwa nimekaa pale pale na haikuwa lazima nikumbukwe. Dada mmoja wa kwaya alihama kiti. Mwingine alikuja akakaa kwenye kile kiti, akanishika mkono ibada nzima, na hajawahi kuniambia sababu, nami sikumuuliza. Kamati ya kumsaidia mshtakiwa iliundwa. Kwetu kila jambo huundiwa kamati: harusi, msiba, na sasa petroli. Katibu wake, kwa mazoea, alinitumia na mimi mwaliko wa kikao.

Kesi ilichukua muda mrefu kufika. Mshtakiwa hakukana kuwasha moto. Kilichobishaniwa ni kama alijali au hakujali kwamba ndani huenda kuna mtu, kwa sababu hapo ndipo kosa moja linapogeuka kuwa jingine kubwa zaidi. Kwa hiyo mahakama nzima, wenye majoho na wasio na majoho, ilikaa kujadili ile hodi. Mwendesha mashtaka alisema: amebisha, maana yake alifikiri huenda kuna mtu. Wakili wa utetezi alisema: amebisha, maana yake alichukua tahadhari pasiwe na mtu. Wote wawili walionyesha video ile ile, na kila mmoja aliisimamisha mahali pake.

Nilitoa ushahidi kwa Kiingereza. Wakili wa utetezi, bwana mrefu mwenye sauti ya taratibu, alisimama.

"Katika desturi yenu, mtu hubisha hodi hata kama anaamini nyumba haina mtu?"

Niliona wanakamati wamekaa safu ya pili. Nilikuwa nimeapa kusema kweli.

"Ndiyo. Hata tukiona kufuli kwa nje, tunaita hodi."

"Kwa nini?"

"Ili majirani wasikie, wasidhani umekuja kuiba."

Watu walicheka. Jaji, mwanamke mwenye nywele nyeupe, hakucheka; aliandika. Wakili akakaa, ameridhika. Safu ya pili walinitazama kwa upendo kwa mara ya kwanza tangu Februari. Mwendesha mashtaka alisimama akiwa hana upendo wowote.

"Baada ya kubisha hodi, mtu hufanya nini?"

"Husubiri."

"Husubiri mpaka lini?"

"Inategemea ana haraka kiasi gani."

"Na asipojibiwa?"

"Huenda zake."

"Huenda zake," akarudia, akakaa.

Kesho yake ikawa zamu ya mshtakiwa kuzungumza. Kiingereza chake kinatosha kabisa kwa mitambo ya joto, lakini wakili alitaka awe na mkalimani, akapatikana bwana mmoja Mkongo wa Bukavu, aliyevaa suti ya kijani na kufasiri kila kitu neno kwa neno, hata kikohozi angekifasiri kama angeweza. Mimi nilikuwa nimeketi nyuma. Nilikuwa nasikia kila kitu mara mbili.

Alieleza habari za binti yake, habari za video alizotazama kwenye simu kwa miezi, na jinsi alivyochagua asubuhi ile kwa sababu alijua hatujafungua. Alizungumza polepole, mikono imeshika kizimba. Ilikuwa inaenda vizuri. Nilimwona wakili wake ameegemea kiti. Kisha, bila kuulizwa na mtu, akageuka kunitazama mimi na kusema:

"Kama dada yangu angeitikia, mimi ningeondoka."

Mkalimani akafasiri. Kwa Kiingereza, neno kwa neno, lilikuwa jambo zito kidogo.

Jaji akainua kichwa. "Dada yake?"

Mwendesha mashtaka naye akasimama. "Mheshimiwa, hatukuarifiwa kwamba shahidi ni ndugu wa mshtakiwa."

Wakili wa utetezi akasema hata yeye hakuarifiwa. Wote wakamgeukia mkalimani.

"Je, ni dada yake?"

"Mheshimiwa," mkalimani akasema, "mimi nafasiri maneno. Undugu siujui."

Tukapewa mapumziko. Mpelelezi alitumwa kuja kuniuliza kwenye korido kama mama yetu ni mmoja. Nikamwambia kwamba kwetu kila mwanamke ni dada mpaka ithibitike kuwa ni shangazi. Akaandika hilo pia. Tuliporudi ndani ikasomwa kwenye kumbukumbu za mahakama kwamba neno "dada" ni la heshima na halithibitishi nasaba. Mshtakiwa alionekana kushangaa kwamba hilo lilihitaji kusomwa.

Lakini undugu ulipoondolewa, sentensi yenyewe ikabaki, na sasa kila mtu aliisikia. Mwendesha mashtaka aliisoma tena, polepole. *Kama angeitikia.* Akamuuliza:

"Ulifikiri nani angeitikia?"

Nilimwona anatafuta uongo, na sidhani kama alikuwa na mazoea nao, kwa sababu hakuupata.

"Yeye," akasema. "Wakati mwingine huwahi kazini."

Mkalimani alifasiri kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake.

Nilitoka nikaenda chooni. Binti yake alikuwa pale, ananawa mikono ambayo ilikuwa safi. Alikuwa amehudhuria kila siku, akikaa peke yake safu ya mwisho, mbali na kamati. Nilimsalimu kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiingereza kama watoto wetu wote.

"Shangazi," alisema, "ungemwambia tu hapana."

"Hapana siruhusiwi. Ndiyo siruhusiwi."

"Najua." Akachukua karatasi ya kujifutia. "Mimi pia aliniuliza. Nilimwambia hayamhusu."

"Alisemaje?"

"Aliniuliza kama hita ya gari langu inafanya kazi."

Akaanza kulia, nikamshika, naye akaniacha nimshike. Akamaliza, akajitazama kwenye kioo, akarudi kukaa safu ya mwisho.

Hukumu ya jaji ilikuwa ndefu lakini sehemu moja naikumbuka. Alisema amekubali kwamba kubisha hodi ni adabu, na kwamba mshtakiwa ni mtu mwenye adabu. Alisema mtu anayeuliza kama kuna mtu ana wajibu wa kutotenda kana kwamba amejibiwa hakuna. Akamtia hatiani kwa kosa lile kubwa. Siku ya adhabu nilisoma maelezo yangu: sauti, usingizi, na kwamba siku hizi mtu akigonga mlango wowote mimi husimama kwanza ndipo nifikiri. Fundi cherehani alikuwa ameniomba nitaje gauni la harusi lililonuka moshi na kukataliwa na bibi harusi. Nililitaja. Mshtakiwa alipewa miaka, si miezi, na amri ya kutokaribia kliniki ya aina yetu, na kutowasiliana nami kwa njia yoyote, ya moja kwa moja au ya kupitia mtu. Akasema, "Asante." Mkalimani akafasiri asante.

Mwenye jengo hakuongeza mkataba wetu. Alisema bima yake imekuwa na maswali mengi. Daktari akapata vyumba ghorofa ya nne katika jengo la madaktari, lenye mlinzi chini na lifti inayosimama kila ghorofa hata pasipo mtu. Kanisani naenda bado. Sasa tunapanda basi, treni, na basi jingine, mama mkwe akilalamika njia nzima kwamba serikali imemfunga dereva wake.

Mwaka uliopita alisema anataka kwenda kumwona. Hakuomba ushauri. Alikaanga chapati, akazifunga kwa taulo, akakaa kiti cha mbele cha gari, akamwambia mume wangu aendeshe. Gereza liko mbali kidogo mashariki ya jiji, kati ya mashamba ya mahindi. Mimi nilikwenda kwa sababu siku hiyo sikuwa kazini na sikutaka avumilie baridi ile bila mimi, lakini nilibaki kwenye gari. Sikuwa na hakika kama amri ya mahakama ilihusu pia uwanja wa magari, na sikutaka nimsababishie kosa kwa kuwa karibu.

Walikaa ndani muda mrefu. Mume wangu alitoka kwanza, akasema chapati zimekataliwa mlangoni. Kisha mama mkwe akatoka akitembea polepole kwenye barafu na taulo lake mkononi. Nikamfungulia mlango.

"Yukoje?"

"Amekonda. Nimemwambia amekonda."

"Akasemaje?"

"Akasema anatengeneza mitambo ya joto ya humo ndani. Ilikuwa imeharibika yote." Akajifunga mkanda mwenyewe, kwa shida, hakutaka nimsaidie. "Alitaka kukuulizia hali."

"Hairuhusiwi kuniulizia, mama."

"Ndivyo alivyosema, hairuhusiwi. Kwa hiyo hakuuliza." Akaniwekea taulo mapajani. "Basi mimi mwenyewe nikasema kwamba kuna mtu fulani ni mzima, anakula, anapiga kelele nyumbani kama zamani. Sikutaja jina."

"Naye?"

"Aliinamisha kichwa. Tukasali. Nimemwambia alichofanya ni kibaya, akasema anajua. Nimemwambia na kazi ya mtu huyo fulani pia siipendi, akasema anajua."

Mume wangu aliwasha gari, akaacha injini ipate moto kwanza. Mama mkwe alisema tusiondoke na njaa wakati chakula kipo. Tukafungua taulo tukala tukiwa bado kwenye uwanja wa magari, tukitazama ukuta. Chapati za juu zilikuwa zimepoa. Za katikati zilikuwa bado na joto.